Waliowahi kuingia ukumbini kuangalia mieleka laivu, utamu wake uko wapi?

Mwana_Uyole:
Wakuu, heshima kwenu. Mieleka niliianzia kibanda umiza pale Mwanjelwa, enzi hizo Batista na Rey Mysterio ndio habari ya mjini. CD ikikwama tunapiga kelele mpaka mwenye banda aitoe aifute kwa shati. Sasa kaka yangu anaendesha lori, Tunduma mpaka Johannesburg, na kaniahidi WWE, ile kampuni ya Marekani ya mieleka, wakirudi Afrika Kusini atanikatia tiketi. Wenzangu wa kijiweni Kabwe wananivunja moyo: hela yote hiyo ukaangalie watu waliokubaliana nani ashinde? Naomba aliyewahi kuingia ukumbini anieleze. Kuna kitu unapata kule ambacho kwenye TV hakipo? Na nikae upande gani?

Dada_Kihesa:
Mdau, nenda. Mimi ni wa Iringa. Nilikuwa Uingereza kwa masomo, na Julai 2023 nikaingia O2 Arena, London, kwenye onyesho la WWE liitwalo Money in the Bank.

Utakachokishangaa kwanza ni kwamba hakuna mtangazaji. Kwenye TV kuna mtu anakueleza nani kaumia na nani ana kisasi na nani. Ukumbini unabaki na macho yako na watu waliokuzunguka. Halafu ulingo unalia. Chini ya turubai kuna sponji nyembamba, chini yake mbao, chini ya mbao vyuma. Jitu la kilo mia na zaidi likitua kwa mgongo, mshindo unausikia kifuani. Mshindi amepangwa, sawa, lakini mgongo unatua kweli.

Na watazamaji hawapangwi na mtu. Siku ile kwenye pambano la ngazi, ambalo mshindi ni anayepanda ngazi akachukua mkoba ulioning'inizwa juu ya ulingo, karibu ukumbi mzima ulimtaka LA Knight. Akigusa ngazi tu watu wanainuka. Mkoba ukachukuliwa na Damian Priest, na uchungu wa watu ulikuwa wa kweli kabisa. Jamaa aliyekaa jirani yangu, mtu mzima na mwanawe, alikaa kimya kashika kichwa.

Ila pambano la mwisho ndilo lililonimaliza. Roman Reigns na Solo Sikoa dhidi ya ndugu wawili, Jimmy na Jey Uso. Reigns alikuwa hajabanwa mabega chini mpaka hesabu ya tatu, yaani kushindwa, tangu Desemba 2019. Jey akapanda kamba ya juu, akamrukia, akamkumbatia mguu. Refa anapiga mkono chini na sisi tunahesabu naye: moja, mbili... Pale kwenye mbili nilishazoea kuona Reigns akiinua bega, kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kufunga. Refa akapiga ya tatu! Sijui nilimkumbatia nani. Huku nyumbani ilikuwa usiku wa manane, na mdogo wangu aliyekuwa anaangalia kwa simu hapo Kihesa aliniandikia herufi kubwa tupu.

Mzee_Mafiati:
Binti, nakuheshimu, lakini mimi bado. Nikienda Sokoine kuwaona Mbeya City na Prisons, hata wachezaji wenyewe hawajui matokeo. Hapo roho inadunda kihalali. Kwenye mieleka roho inadundia nini?

Dada_Kihesa:
Shikamoo mzee. Wapiganaji wanajua. Wewe kwenye kiti hujui, na hapo ndipo roho inapodundia. Aprili 2014, New Orleans, Undertaker alikuwa ameshinda WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, mara 21 bila kupoteza hata moja. Wote mle ndani walijua mieleka hupangwa, na wengi waliingia wakiamini kabisa atashinda tena. Brock Lesnar akambana, tatu, na uwanja mzima ukapigwa butwaa. Tafuta picha za nyuso za wale watu, mzee wangu, kisha uniambie kama walikuwa hawaumii kihalali.

Mzee_Mafiati:
Marahaba. Hiyo ya Undertaker naikumbuka, wanangu walikataa kula siku ile. Nimekuelewa kiasi.

Mbao_za_Mafinga:
Mimi Ulaya sijafika, ila biashara iliwahi kunifikisha Uganda nikaona Soft Ground Wrestling, Mukono. Hii ni ya vijana wa Daniel Bumba, wanamwita Bumbash. Ulingo wao ni wa matope na nguzo za mianzi, nje kabisa, juu ni mawingu. Mtu akirushwa, tope linaruka mpaka kwa waliosimama mbele, na watoto wanapigania kusimama hapohapo mbele. Hakuna fataki wala taa. Lakini yale marukio ni yaleyale ya kwenye TV, na upo karibu kiasi cha kumsikia mpiganaji akihema. Kama Johannesburg inachelewa, mkuu, usiidharau Mukono. Natamani tuwe na kitu kama hicho huku Nyanda za Juu, vijana wenye miili tunao na matope tunayo.

Mwana_Uyole:
Nashukuru sana dada, nawe mkuu wa Mafinga. Viti je? Na bango inaruhusiwa kwenda nalo?

Dada_Kihesa:
Usidanganyike na viti vya chini. Safu mbili tatu za mbele ni tamu, lakini bei yake si mchezo. Ukikaa chini halafu nyuma, unaangalia migongo, maana watu hawakai. Chukua vya pembeni vilivyoinuka kidogo, ulingo wote unauona, pamoja na njia wanayoingilia. Kuingia kwenyewe ni nusu ya raha: muziki ukigonga ile noti ya kwanza, watu elfu kadhaa wanajua kwa pamoja ni nani anakuja kabla hajatokea.

Bango nenda nalo, ila soma kwanza masharti ya ukumbi kuhusu ukubwa. Liinue wakati wanaingia. Pambano likianza lishushe, wa nyuma yako naye kalipa.