Sheria za ardhi zikibadilishwa, kampuni ya dhahabu Bahi itabaki au itafunga virago?

Mwana wa Bahi
Wakuu, salaam. Sera mpya ya ardhi ilizinduliwa hapahapa Dodoma Machi 2025, sasa tunasubiri sheria zenyewe zibadilishwe. Kijijini kwetu kuna kampuni ina leseni ya utafiti wa dhahabu, na vijana wa ajira wameshaanza presha: sheria ikibana, mwekezaji anaondoka. Kampuni ya namna hii inaponea wapi? Wajuzi karibuni, matusi hapana.

Chumvi Kidogo
Ataondoka tu. Nani aweke hela mahali ambapo sheria inageuka kama kinyonga? 2017 tumebadilisha ya madini, leseni hodhi, zile za kushikilia eneo bila kuchimba, zikafutwa, 2023 tukawalipa Winshear, kampuni ya Canada iliyopoteza leseni yake, dola milioni 30 kumaliza kesi. Bado serikali inachukua hisa za bure asilimia 10 kwenye kampuni ya mgodi. Na hiyo ardhi mnayoililia ni ipi? Mawe, mibuyu, na zabibu ambazo hazijawahi kumtoa mtu.

Binti Mpunguzi
Hazijamtoa mtu? Kaka, mimi nimesomeshwa na zabibu, chekechea mpaka chuo. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwenu mnavuna nini, lawama?

Wakili wa Kijiweni
Hisa zinaanzia 16, siyo 10. Halafu leseni ni ya kilicho chini. Shamba la juu lina mwenyewe, na analipwa fidia kwanza. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo la kijiji lisilozidi hekta 250 likitakiwa kuhaulishwa, yaani kutolewa kwenye ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji unakubali au unakataa. Likizidi hapo, waziri ndiye anaamua, kijiji kinatoa maoni tu. Kampuni makini itavizia kipengele hicho kama kitaguswa. Mengine ni kelele za vijiweni.

Chumvi Kidogo
Dada, mnavuna mara mbili na zinawaozea mara mbili, mkisubiri gari la kiwanda cha mvinyo. Wanywaji wenyewe wako Masaki.

Binti Mpunguzi
Zinaoza kwa sababu mnunuzi anapanga bei anavyotaka, wewe huna pa kwenda. Hilo nalo ni kosa la mzabibu? Umewahi kushika mkasi wa kupogolea wewe?

Mwana wa Bahi
Jamani, mada. Mimi nimo humu. Mthamini wa fidia alipita shambani kwa mzee, akaandika mkwaju mmoja. Ipo miwili, imesongamana shina kwa shina. Mzee kaambiwa asaini hivyohivyo, asijenge, asipande miti. Tangu hapo kimya.

Wakili wa Kijiweni
Pole. Tathmini ikimaliza miaka miwili bila malipo imekufa, inarudiwa. Hakikisha siku hiyo na wewe upo shambani.

Jogoo Mstaafu
Sasa hapo kampuni imeathirika nini? Mleta mada umeanza na mwekezaji umeishia kwenye ukwaju.

Mwana wa Bahi
Mkuu, mzee asipolipwa hawachimbi. Biashara yao imekwama hapo.

Dereva Area C
Binti Mpunguzi, miche ya zabibu aina ya Makutupora nyekundu naipataje? Nina ekari mbili Hombolo zimelala.

Chumvi Kidogo
Ukimjibu na mimi nisome.

Binti Mpunguzi
Wewe anza kwa kuomba radhi.