Naomba ushauri: tutamjuaje mchungaji aliyeitwa na Mungu kweli?

Wapendwa habari zenu, mi niko huku Arua, Uganda, kanisa letu ni dogo tu la mabati, mchungaji wetu mzee alifariki mwezi wa pili na sasa tumegawanyika kabisa. Kuna ndugu mmoja anasema Mungu kamwonyesha kwenye ndoto kwamba yeye ndo mrithi, ana sauti, akishika maiki watu wanalia, alafu kuna kijana wa boda boda, huyu haongei sana ila kila Jumamosi jioni namkuta anafagia na kupanga viti, na wajane wakiugua ndo yeye anawapeleka hospitali bila kuchukua nauli.

Nimesoma 1 Samweli 16, hata Samweli mwenyewe nabii mkubwa alimwona Eliabu akadhani ndiye, Bwana akamwambia asitazame sura wala kimo, wakapita wana saba wa Yese na Daudi bado yuko machungani. Alafu Matendo 1 mitume wanapiga kura, ile ya bahati nasibu, kumpata Mathiya, lakini Matendo 13 wako kwenye kufunga Roho anasema nitengeeni Barnaba na Sauli. Sasa tufuate njia gani? Na kura za watu kuchagua naziogopa, kwetu hapa zinaleta ukabila haraka sana.

Na ndoto ya mtu mmoja sisi wengine tunaipima vipi? Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisipotimia Bwana hakulinena, ila huyu hajatabiri kitu cha kusubiri. Wazee tunakutana Jumapili na usingizi sipati, nisaidieni jamani.