Mama mkwe na ngoma: Mungu anapokea ibada ya nani?

BintiKaimosi: Wapendwa, naombeni ushauri. Nimelelewa Kanisa la Marafiki (Quakers): tenzi, maombi, mahubiri, mnarudi nyumbani. Nikaolewa Luanda, hapa Vihiga, kwa watu wa kanzu nyeupe, ngoma na maandamano barabarani. Mama mkwe anasema ibada isiyo na ngoma ni kama matanga. Mimi naona ni kelele, na 1 Wakorintho 14:40 inataka utaratibu. Mume hasemi kitu. Tangu Pasaka mimi na mama hatusalimiani, Jumapili napanda matatu kwenda Kisumu niabudu kwa amani. Nani yuko sawa?

MzeeWaMbale: Binti yangu, sura hiyo ya 14 inahusu watu walioimba, walionena kwa lugha na kutabiri. Paulo aliwataka wapokezane. Zaburi 150 nayo ina matari na matoazi. Halafu hao Marafiki wa kwanza, Uingereza karne ya 17, walikaa kimya bila mchungaji wala wimbo. Tenzi na mahubiri unayoyajua yaliletwa na wamisionari Wamarekani waliofika Kaimosi 1902. Wazee wale wa kimya wangekuona wewe ndiye mpiga kelele 😀. Soma Yohana 4: mwanamke Msamaria aliuliza kama wewe, tuabudu mlima huu au Yerusalemu? Yesu akamjibu: katika roho na kweli.

FundiKondele: Sawa mzee, ila ngoma pia si tiketi. Amosi 5, Mungu anakataa nyimbo na vinanda vyao kwa sababu walikuwa wakiwaonea maskini langoni. Huku mjini tunao: Jumapili anaongoza sifa, mshahara wa dada wa kazi hajalipa.

MamaNakuru: Mnajibu ngoma, ile ya Pasaka mmeiruka! Dada, Mathayo 5:23-24: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka pale madhabahuni, nenda mpatane kwanza. Hajaulizwa nani aliyeanza. Hiyo nauli ya Kisumu nunulia sukari na majani, umpelekee mama.

BintiKaimosi: Alisema mbele ya wageni kwamba sijaokoka. Na akinifukuza?

MamaNakuru: Weka sukari mezani, msalimie, toka. Jumapili nyingine rudi. Habari ya ngoma mtaongea mkishaanza kuongea.

MzeeWaMbale: Na mumeo aende nawe. Kunyamaza kwake kumetosha.