Nakuru: Hita imechomwa na nyutro (waya wa kurudisha stima) ya ploti, halafu ajenti anataka mpangaji alipe!

Wenzangu, nimekasirika sana. Kama umekodisha flati hapa Kiamunyi au kwingineko Nakuru, soma hii kabla hujampa fundi wa keyateka hata shilingi.

Stima ilianza kucheza. Taa zangu zikawaka kupita kiasi huku za jirani wa juu zikififia. Runinga ya mama wa nyumba ya chini ikaungua. Kisha hita yangu ya maji ikaacha kupasha. Keyateka akaleta fundi wake, ambaye mkononi alikuwa na tesita ya bisibisi tu. Akafungua, akaona ukoko kwenye elementi, ile koili inayopasha maji, akasema ni maji ya chumvi, akaniuzia nyingine. Nayo ikaungua! Akarudi kunitajia bei tena.

Maji ya visima vya hapa yana chumvi, hilo nakubali, na ukoko huua elementi polepole. Lakini hauwezi kuua mpya haraka hivyo, wala hauchomi runinga ya jirani.

Nikatafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Huyu alizima breka kwanza, akahakikisha hakuna stima, ndipo akapima. Elementi ya kilowati 3 kwa volti 240 inafaa kusoma kama ohmu 19. Yangu haikusoma chochote, imekatika. Kitufe chekundu cha thamostati nacho kilikuwa kimeruka. Hakuuza kitu. Aliwasha breka akapima soketi: volti 310! Kwa jirani wa juu, 160. Tukashuka kwenye mita, na hapo skrubu ya nyutro ya ploti nzima ilikuwa imelegea, waya umeungua mpaka mweusi.

Hizi flati zimegawiwa fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta stima, huku nyutro ikiwa moja kwa wote. Nyutro ikishika vizuri, kila nyumba inapata 240. Ikiachia, nyumba zinang'ang'ania zile volti 415 zilizo kati ya fezi na fezi, na mgao unategemea nani amewasha nini. Jirani akiwasha hita yake alfajiri, volti zake zinashuka na zangu zinapanda. Kwa volti 310, hita ya kilowati 3 inavuta kilowati 5. Elementi gani itavumilia hayo?

Na hasara ya pesa ndiyo ndogo. Pale waya wa ardhini unapounganishwa na nyutro, nyutro ikikatika, bomba na ganda la hita vinaweza kubeba stima. Watoto wetu wanaoga hapo! Ukiona taa zinang'aa kwako na kufifia kwa jirani, zima swichi kuu, uwaambie wengine wazime pia. Usingoje fundi.

Sasa ajenti ananiambia kifaa kikiharibika ndani ya nyumba ni juu ya mpangaji. Hiyo hita niliikuta ukutani nikihamia! Na skrubu iko kwenye boksi lililofungwa, ufunguo anao keyateka. Nilimwomba ajenti aandike tu kwamba nyutro ndiyo iliyoleta haya, akakata simu.

Nina picha za ile skrubu na vipimo alivyoandika fundi. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na niko tayari kwenda, mimi na mama wa runinga. Aliyewahi kumpeleka landilodi huko kwa hasara ya stima aandike hapa: ulihitaji ripoti ya fundi pekee, au walikutaka umlete mwenyewe atoe ushahidi?