Maoni ya bajeti ya kaunti: ukumbini au kwa simu?

Mkaazi_Umoja: Kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti ya Nairobi kilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Nilihesabu wazee 22 na kijana mmoja, naye alikuwa fundi wa spika. Je, maoni ya WhatsApp na TikTok yapewe uzito sawa na ya ukumbini?

MzeeMakadara: Uzito gani? Hawa kazi yao ni matusi. Sisi tulienda Kamukunji kudai vyama vingi, Saba Saba ya 1991, tukala virungu. Vijana hata MCA wao, mwakilishi wa wadi, hawamjui.

Shiro_K: Ilikuwa 1990, mzee wangu. Na Jumanne saa nne niko kazini, sijakalia kiti cha plastiki nikingoja soda.

MzeeMakadara: Ati soda? Umeniona wapi na soda? Heshima imeisha kabisa.

Wakili_Mitaani: Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka bunge la kaunti lishirikishe wananchi. Hakijataja ukumbi wala saa nne.

DerevaEmbakasi: Mzee, hao wa matusi ndio walioeleza Mswada wa Fedha wa 2024 kwa video fupi hadi mamangu akaelewa ushuru wa mkate. Juni 25 Bunge likavamiwa, kesho yake rais akakataa kuutia sahihi. Julai akawafuata huko huko X kuongea nao.

Mwalimu_Mstaafu: Na waliopigwa risasi? Simu iliwakinga? 1986 ukipatikana na karatasi ya Mwakenya, lile kundi la siri la kupinga serikali, safari ni Nyayo House, kwenye vyumba vya mateso. Tulisoma, tukachoma jikoni. Ndiyo maana mpaka leo tunasema kwa mafumbo. Nyinyi mnaanika jina la mbunge pamoja na namba yake.

Shiro_K: Mafumbo yenu ndiyo yametuachia hizi barabara, mwalimu. Anayelipwa na kodi yangu nimfumbie nini?

MzeeMakadara: Shiro, MCA wako ni nani?

Shiro_K: Taja wako kwanza.

MzeeMakadara: Wangu amehama mtaa.

DerevaEmbakasi: 😂😂 Hilo si jina, mzee.

Mkaazi_Umoja: Jamani, niliuliza kuhusu bajeti. Ila kwa vile nilikuwepo: soda zilikuwepo, na mzee mmoja wa kofia ya kijani aliondoka na mbili.

MzeeMakadara: Moja ilikuwa ya mjukuu.