Vakyumu mbili za Hoover Constellation, moja inaelea nyingine haielei, ipi ya zamani zaidi?

MamaJunior_Ohio
Habari zenu wanajamvi, naombeni msaada kwa wanaojua mashine za kizamani. Mi nipo huku Ohio nafanya usafi majumbani, sasa kuna bibi mmoja mteja wangu anahamia kwa mwanae anagawa vitu, stoo kwake kulikuwa na vakyumu mbili (mashine za kufyonza vumbi) za mviringo zile Hoover Constellation akaniambia beba zote mama mi sina kazi nazo.

Sasa ukiziangalia haraka haraka zinafanana kabisa, umbo moja, mpira wa kuvutia vumbi unaingilia juu na unazunguka pande zote. Tofauti ya kwanza rangi, moja bluu ya kupauka nyingine kahawia. Tofauti ya pili ndio inayonichanganya, zote zinawaka ila ya kahawia ukiiwasha inanyanyuka kidogo kutoka chini, ukiisukuma kwa kidole inateleza yenyewe maana haina hata tairi. Ya bluu inanguruma tu imekaa pale pale.

Nimesoma sehemu kwamba zile za mwanzo kabisa hazikuwa zinaelea. Je hii ya bluu ndio yenyewe? Na mzee wa nyumbani anataka kuipiga rangi zifanane auze kama pea, nimemwambia asubiri kwanza nipate majibu yenu.

DalaliWaKale
Haielei = toleo la kwanza. Umepata zali dada. Constellation imetoka 1954 na zile za mwanzo kweli zilikuwa zinakaa chini tu, unaiweka katikati ya chumba unazunguka na mpira. Hizo za kuelea zimekuja baadae na ndio zimejaa kila mahali. Piga picha nzuri weka bei ya kueleweka usiogope.

ChuoChaUfagio
We dada hata mwenye nayo haelei siku hizi, maisha magumu 😂 Huku kwetu fagio la chelewa halina modeli halina serial, likiisha unachuma lingine

Mzee_wa_Greenford
Dalali taratibu bwana, utamfanya mtu auze kitu kwa jina la uongo afu mnunuzi akifungua akute sivyo irudi na matusi.

Dada MamaJunior, kwanza kabisa hiyo rangi asiipake, mwambie mzee hivyo hivyo na umnyime hela ya brashi. Anayekusanya hizi mashine anataka rangi ya kiwandani hata kama imekwaruzika, ukishapaka umefuta ushahidi wote, na kibati chenyewe chenye maandishi ya kiwanda mara nyingi kinapakwa humo humo basi tena.

Pili, kutoelea peke yake hakuthibitishi chochote. Mashine inaweza isielee kwa sababu haikuundwa kuelea, au iliundwa kuelea ila imechoka. Ni mambo mawili tofauti na kwa macho yanafanana. Kwa hiyo naomba uzigeuze zote mbili (chomoa plagi kwanza!) utuambie: chini pakoje, hewa inatokea wapi, na kibati kimeandikwa nini, neno kwa neno, hasa mambo ya umeme, anuani ya kiwanda na zile namba ndogo ndogo za patenti (hati za haki ya uvumbuzi) ambazo kila mtu anaziruka. Ukikisafisha tumia kitambaa chenye unyevu kidogo tu, usiguse steel waya wala spiriti, maandishi mengine yanafutika mara moja.

Na usijisumbue kupiga picha waya na plagi. Waya ndio kitu cha kwanza kubadilishwa kwenye mashine yoyote ya umri huo. Mpira nao hivyo hivyo, na brashi za mbele. Mtu anaweza kukuta brashi ya miaka ya 70 kwenye mashine ya 50 akaanza kusema ni toleo la ajabu, kumbe mwenye nayo alipoteza ya kwanza akanunua nyingine dukani.

MamaJunior_Ohio
Asante mzee wangu shikamoo. Nimegeuza.

Ya KAHAWIA: chini imezungukwa na ukingo mpana kama sahani, hewa inatoka chini ya huo ukingo. Kibati kinasema North Canton Ohio, volti 120, 60 Hz. Patenti ziko nyingi na tatu zinaanza na 3,0.

Ya BLUU: chini nayo ina ukingo, mwembamba kidogo, na ina nafasi za hewa chini yake ila zimejaa uchafu umekuwa mgumu kama ugali wa jana. Kibati North Canton Ohio pia, ila imeandika volti 115 na "60 cycles", hakuna Hz. Patenti kubwa kuliko zote inaanza na 2,84. Kuna nyingine ina herufi Des. mbele na namba ndogo sana sijui kama nayo inahesabika.

Mzee_wa_Greenford
Marahaba binti yangu. Hapo sasa tunaongea.

Tuanze na patenti maana ndio zisizodanganya. Marekani wanazipa namba kwa mfuatano, kwa hiyo namba ina mwaka ndani yake. Za 1958 zimeanzia 2,818,567 na za 1959 zinaanzia 2,866,973. Hiyo yako ya 2,84 imekaa katikati, yaani imetolewa ndani ya 1958. Mashine haiwezi kuwa na patenti ambayo haijazaliwa, kwa hiyo ya bluu haikutoka kiwandani ikiwa na hicho kibati kabla ya 1958. Toleo la kwanza la 1954 sio. Pole Dalali.

Patenti namba 3,000,000 imetolewa Septemba 1961, sasa ya kahawia ina za 3,0 kwa hiyo ni kuanzia hapo kwenda mbele. Angalia lakini, hii inakupa mwaka wa chini tu, haikupi mwaka wa juu. Kiwanda kinaweza kubandika kibati kile kile miaka kadhaa bila kuongeza namba. Hiyo yenye Des. iache, ni ya umbo la nje na ina mfuatano wake tofauti, wengi wanaichanganya wanapata mwaka wa kichekesho.

Hapo ndio "cycles" na "Hz" (zote ni mizunguko ya umeme kwa sekunde) zinasaidia. Jina la hertz limekubaliwa kimataifa 1960 ila viwanda vya Marekani viliendelea kuandika cycles kwa miaka, ukiona Hz fikiria mwishoni mwa miaka ya 60 kwenda mbele. Kwa hiyo ya kahawia mi ningeiweka kati ya hapo na 1975 maana mwaka huo ndio walisimamisha kuzitengeneza. Kitu kingine cha kuangalia ni anuani, kama baada ya Ohio kuna zip kodi (namba ya posta ya Marekani) basi ni baada ya Julai 1963 ndio zilipoanza. Zako hazina lakini kutokuwepo sio ushahidi.

Volti 115 na 120 usiijali sana, ni kawaida tu kwa vibati vya zamani vya huko kuandika 110, 115, 117, wote umeme ule ule.

Huku Uingereza tulikuwa na za kwetu zimetengenezwa Perivale, kile kiwanda cheupe kizuri cha magharibi ya London ambacho tangu 1992 kina supamaketi ya Tesco kwa nyuma na sasa mbele wamefanya nyumba za kuishi. Zile kibati ni volti 200 na kitu, na kama waya ni wa kiwandani angalia rangi za ndani: nyekundu, nyeusi na kijani ni za kabla ya 1970 hivi, kahawia, bluu na kijani chenye mstari wa njano ni baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuuzia ya Uingereza kwa maelezo ya Marekani mkatae, modeli namba zao ni tofauti kabisa na hazilingani.

DalaliWaKale
Mzee nimekuelewa kwenye patenti ila hujajibu kwanini haielei. Kama ina ukingo na nafasi za hewa basi ilibidi ielee, na haielei. Si inawezekana walikuwa bado wanatoa zisizoelea mpaka 58?

FundiMota_Arusha
Naingilia hapo. Dalali jibu lipo kwenye maelezo ya dada mwenyewe, uchafu umeziba nafasi za hewa. Hii mashine haina jeti humo ndani, mota ni moja tu inazungusha feni, hewa inavutwa kupitia mpira inapita kwenye mfuko inapita kwenye mota afu inatolewa chini ya ukingo. Ile hewa ya kutoka ndio inanyanyua. Kwa hiyo chochote kinachopunguza hewa mahali popote kwenye hiyo njia kinaua kuelea, hata kama inavuta vumbi bado vizuri tu.

Dada angalia kwa mpangilio. Mfuko kwanza, hizi zinatumia mfuko wa karatasi wa Hoover aina ya J, bado unapatikana, kama umejaa au ni wa miaka ile karatasi imeziba kwa vumbi laini hata kama unaonekana mtupu basi tupa. Pili lile gasketi la mpira linalokaa kati ya nusu ya juu na ya chini, likikauka linapasuka hewa inatokea kiunoni badala ya chini. Washa afu pitisha mkono pembeni, ukisikia upepo umeshapata mwizi. Tatu chokonoa huo uchafu wa chini kwa mti laini, usitumie bisibisi utakwaruza ukingo na ukingo ukiwa na pengo hewa yote inakimbilia hapo. Nne kaboni za mota (vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye mota), zikiisha mota inazunguka kivivu na utaona cheche nyingi.

Na usiipimie kwenye vigae vyenye mistari mikubwa, hewa inapotelea kwenye mistari. Weka kwenye sakafu ya mbao iliyonyooka. Kabla ya yote shika waya wote urefu wake kwa mkono mashine ikiwa haijachomekwa, mpira wa waya ukivunjika vunjika usiwashe tena mpaka ubadilishe. Huo wa kiwandani uutoe uufunge na mkanda uuweke pembeni, usitupe, mnunuzi atauulizia.

MamaJunior_Ohio
Jamani!! INAELEA. Mfuko ulikuwa na uzito wa mtoto na chini nimetoa uchafu sijui wa tangu lini. Hainyanyuki kama ya kahawia ila kwenye mbao inateleza vizuri, kwenye zulia bado nzito wakati ya kahawia hata hapo ni nyepesi. Gasketi nimesikia upepo kidogo upande mmoja.

Kwa hiyo zote ni za kuelea. Nimefurahi na nimenuna kwa wakati mmoja.

Mzee_wa_Greenford
Usinune. Umepata mbili za vipindi tofauti na kila moja ina kibati chake, hiyo ni bora kuliko moja ya "nadra" yenye maneno mengi. Hiyo ya kahawia kuwa nyepesi kwenye zulia nayo ni dalili, matoleo ya baadae walibadilisha ule ukingo wa chini hewa yote ikawa inapitishwa kule, yanaelea mpaka kwenye zulia na yana kelele ndogo. Kwa hiyo tofauti ya ukingo mpana na mwembamba uliyoiona ndio tofauti ya kweli ya toleo. Rangi ni nguo tu. Ukiuza andika hivyo hivyo: upana wa ukingo kwa sentimita, maandishi ya kibati yote, kilichobadilishwa na kisichobadilishwa. Usiandike mwaka mmoja, andika "sio kabla ya 1958" na "sio kabla ya 1961". Wanaojua watakuheshimu.

Na kuna mtego mwingine. Miaka ya 2000 Hoover waliitoa upya Constellation, modeli S3341 nyeupe ya lulu na S3345 ya chuma cha pua, mota ya ampea 12 na brashi ya mbele inazungushwa na hewa. Ukikuta mtu anaiuza kama ya miaka ya 60 soma ampea tu, mchezo umeisha.

We upo Ohio dada, North Canton si mbali kivile. Kuna Hoover Historical Center chini ya chuo cha Walsh, ndio nyumba ya zamani ya ile familia. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea wageni siku unayotaka.

KibibiWaTemeke
Samahani kwa kuingilia uzi wa watu, nina ndugu yangu analeta kontena Dar mwezi ujao, dada ukiuza hiyo ya bluu mi nainunua niiweke sebuleni na niitumie. Itafanya kazi huku au ni pambo tu?

FundiMota_Arusha
Usiichomeke ukutani hata kwa sekunde moja. Hiyo ni ya volti 115 huku kwetu 230, mota itapiga kelele moja kubwa afu moshi, na koili ya mota ya umri huo hupati ya kununua labda ukaiwaindi (kuzungushia waya upya). Tafuta transfoma ya kushusha, soma ampea kwenye kibati zidisha kwa volti upate wati, afu nunua transfoma kubwa kuliko hapo karibu mara mbili maana mota ikiwaka inavuta sana mwanzoni. Habari ya 60 na 50 Hz isikutishe, mota zenye kaboni hazijali hiyo. Na vile vibadilishi vidogo vya wasafiri vya mkononi usinunue, vingi havikutengenezwa kwa mota.

Afu mwambie dada aondoe mfuko kabla ya kupakia, panya wa bandarini wanaipenda karatasi hiyo.

MamaJunior_Ohio
Kibibi nakuja inbox. Ya kahawia siiuzi, nimeshaizoea.