Niliagiza 245/45, nikafungiwa 245/40 kimyakimya: wauza tairi wa Dodoma, mnacheza na roho za watu

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na nitaandika kirefu, kwa sababu nikikata maneno mtu atasema "dada kapaniki tu na taa ya dashibodi."

Nina Nissan Fairlady Z ya mwaka 2004, ile Z33, injini lita 3.5, nguvu inasukuma magurudumu ya nyuma. Nimelinunua kwa jasho langu na nalitunza mwenyewe. Gari hili halikutoka kiwandani na tairi nne zinazolingana. La kwangu ni la rimu 18: mbele 225/45R18, nyuma 245/45R18. Sijaziokota namba hizo mtandaoni, zimo kwenye kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango.

Mwishoni mwa Januari tairi za nyuma zilikuwa zimeisha, kipara kabisa upande wa ndani. Nikaenda duka la tairi hapa mjini, duka lenye jina, silitaji. Nikampa kijana wa kaunta karatasi niliyoandika kwa mkono wangu: MBELE 225/45R18, NYUMA 245/45R18. Akaisoma, akaingia stoo, akarudi. "Zipo dada, kesho tunakuja kulichukua gari ofisini kwako." Nikalipa tairi zote nne, milioni 1 na laki 6. Kesho yake wakaja Mtumba kulichukua, saa 10 jioni likarudi limeoshwa, tairi zinang'aa. Risiti imeandikwa "Tairi R18, 4". Basi. Sikuinama kusoma ubavu wa tairi. Nililipia kitu kwa maandishi, nikaamini nimepewa nilicholipia.

Mjini sikuona shida kubwa. Taa ya SLIP, ile ya kuonya kwamba tairi zinateleza, iliwaka mara mbili nikitoka kwenye mzunguko, nikadhani ni mchanga. Dodoma yetu mnaijua, upepo ukivuma lami nzima inageuka vumbi.

Jumamosi nikaenda Morogoro na mama yangu, ana miaka 67. Gari lina viti viwili, kwa hiyo yuko hapa pembeni yangu. Tumeshapita Kibaigwa, mbele yetu semitrela imejaa magunia. Mstari ni wa kukatika, barabara imenyooka, kwa mbali sana naona basi linakuja, nafasi ipo ya kutosha na kubaki. Nikawasha indiketa, nikapunguza gia hadi ya tatu, nikakanyaga mafuta.

Nimefika usawa wa tairi za nyuma za tela, gari likafa nguvu. Halikuzima. Nimekanyaga mafuta mpaka chini, injini inanywea kama mtu amenishika mguu akauinua, na taa ya SLIP inapepesa harakaharaka. Nikaachia, nikakanyaga tena, ikanywea tena. Pembeni yangu ni magurudumu ya tela, ukubwa wake unamfikia mama kwenye dirisha lake. Basi sasa silioni tena kwa mbali, nasoma maandishi ya kwenye kioo chake. Dereva wa semi, Mungu ambariki popote alipo, aliona kinachoendelea akashika breki, nikaingia mbele yake. Basi likapita na honi ndefu. Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Hakusema neno mpaka tunaingia Gairo, na alichosema ni "simamisha nishuke nipumue."

Niliporudi nikapeleka gari gereji. Wakachomeka mashine, wakasoma namba za hitilafu, wakasema sensa ya gurudumu la nyuma imekufa. Nikanunua sensa, na ufundi juu, jumla laki 2 na 80. Nikatoka nalo kuelekea Ihumwa kulijaribu, taa ileile, kunywea kulekule. Wakasema labda na ya pili. Nikakataa.

Aliyegundua ni mzee mmoja wa kuziba pancha pale Sabasaba. Nilisimama kujaza upepo tu. Nimempa shikamoo, kaitikia, kapiga magoti gurudumu la nyuma, kanyamaza kidogo, kisha kauliza: "Mama, mbona huku wamekuwekea arobaini na mbele ni arobaini na tano?" Nikashuka. Nikasoma. 245/40R18. Zote mbili za nyuma.

Kwa wasiojua namba hizi zinasemaje: 245 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 45 ya huo upana. 18 ni rimu kwa inchi. Asilimia 45 ya 245 ni milimita 110. Asilimia 40 ni milimita 98. Umepoteza milimita 12 juu na 12 chini, kwa hiyo tairi nzima imefupika karibu sentimita mbili na nusu. Wao wanaita "kitu kidogo."

Nikaenda nyumbani nikapime mwenyewe, maana nilijua wataniambia nabisha tu. Tairi zangu za zamani nilikuwa nimezirudisha nyumbani, zipo stoo. Nikapiga jeki, nikazungusha kamba ya katani kwenye tairi mpya ya nyuma, nikaikata panapokutana, nikainyoosha kwenye futi: mita 2 na sentimita 5. Tairi ya mbele: mita 2 na sentimita 7. Kisha ile kipara, iliyoisha mpaka haifai: mita 2 na sentimita 9. Yaani tairi niliyoitoa kwa sababu imekwisha ni kubwa kuliko mpya niliyouziwa kuchukua nafasi yake. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo na kamba tatu mkononi.

Sasa sikilizeni kwa nini gari linanywea, kwa sababu gereji hawakujua na dukani hawakutaka kujua. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko, na kompyuta ya ABS (inayozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki) na VDC (inayozuia gari kuteleza) inalinganisha mbele na nyuma muda wote. Kwa saizi za kiwandani, tairi ya mbele ikiwa mpya inazunguka kama mara 482 kwa kilomita moja, ya nyuma mara 470. Nyuma iko polepole kuliko mbele, na kompyuta imefundishwa hivyo. Ukifunga 245/40 nyuma, inazunguka mara 487. Ghafla nyuma iko haraka kuliko mbele. Na gari la kusukuma nyuma, kompyuta ikiona nyuma inakimbia kuliko mbele, inajua jambo moja tu: tairi za nyuma zinateleza. Inakata mafuta, na inaweza kushika breki yenyewe. Sensa haikuwa mbovu hata siku moja. Kompyuta ilifanya kazi yake sawasawa kwa tairi ambazo si zake, na ilifanya hivyo mimi nikiwa upande wa basi.

Nikarudi dukani na karatasi yangu, risiti, kamba zangu tatu na picha. Hapa ndipo damu ilipochemka.

Jibu la kwanza: "Dada, 245/45 zilikuwa zimeisha, hizi ni zilezile, tofauti namba moja tu." Kwa hiyo mlijua! Aliniambia zipo, akachukua hela, akafunga nyingine, akaosha gari. Simu yangu iko kwenye karatasi ileile yenye saizi.

Jibu la pili, la meneja, kwa kujiamini kabisa: "Mbona BMW nyuma tunafunga arobaini na hazilalamiki?" Nikamwomba kikokotoo. BMW M3 ile E46 ya rimu 18 ni 225/45 mbele na 255/40 nyuma. Arobaini ya 255 ni milimita 102. Arobaini na tano ya 225 ni milimita 101. Zinalingana kwa kimo, na BMW walitaka zilingane. Toyota Supra JZA80 ya turbo ni 235/45R17 mbele na 255/40R17 nyuma, pale nyuma ni fupi kidogo na Toyota ndivyo walivyopanga. MR2 SW20 ya rimu 15 ni 195/55 mbele na 225/50 nyuma, nyuma ni ndefu kwa sentimita moja. Nissan wakaamua Z33 nyuma iwe ndefu karibu sentimita mbili. Kila gari na hesabu yake! Hakuna kanuni ya "nyuma shusha namba moja." Unayeuza tairi kila siku unatakiwa ulijue hili kabla yangu mimi ninayefanya kazi ya uhasibu.

Jibu la tatu ndilo sitalisahau. Fundi wao akasema: "Kuna kitufe cha VDC hapo, kizime tu, taa haitasumbua." Nizime mfumo unaozuia gari kuzunguka, gari la kusukuma nyuma, kipindi hiki cha mvua, ambapo mvua ya kwanza ikigusa lami yenye vumbi na oili inakuwa sabuni, ili ninyi msirudishe hela? Kwenye gari aliyopanda mama yangu?

Na la mwisho: "Tairi ikishavaliwa hairudi." Nani aliivaa? Mliivalisha ninyi.

Najua kuna watakaosema funga nne zinazofanana, tatizo liishe. Nimeshaambiwa hivyo na watu watatu. Ukifunga 225/45 kote, nyuma na mbele zinazunguka sawa, bado si uwiano ambao kompyuta inaujua, na umepunguza mshiko nyuma kunakosukumwa na nguvu yote ya injini. Kiwanda kiliweka pana nyuma kwa sababu. Kwenye gari kama hili nyuma ikiachia kabla ya mbele, si kila mtu ataweza kulirudisha. Faida ya nne sawa ni kuhamisha tairi mbele na nyuma ziishe pamoja, hiyo nakubali, kwa saizi zangu siwezi. Gharama hiyo nimeikubali tangu siku nimelinunua.

Saizi yako ikikosekana kabisa, tunza uwiano wa kimo kati ya mbele na nyuma. Kwa Z33, 235/45 mbele na 255/45 nyuma kwa rimu 18 uwiano unabaki uleule, lakini pima kwanza nafasi ya fenda na shokapu kabla hujatoa hela. Hata 225/40 mbele na 245/40 nyuma uwiano unakaribia, ila ubavu unakuwa mwembamba na kwa matuta na mashimo yetu utanunua rimu. Unabadilisha zote mbili pamoja. Huwezi kugusa nyuma ukaacha mbele, na huwezi kumfanyia mtu bila kumwambia.

Mkienda kufunga tairi, simameni palepale. Someni ubavu kabla haijapanda kwenye rimu: saizi yote, namba ya uzito na herufi ya spidi (zangu za nyuma zinatakiwa 96W, yaani kilo 710 kwa tairi na kilomita 270 kwa saa), na tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo hapo ubavuni, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwenye risiti waandike saizi nzima. Yangu ingekuwa imeandikwa 245/45R18 leo nisingekuwa nabishana na mtu.

Ninachodai: hela ya tairi mbili za nyuma, laki 8, na laki 2 na 80 za sensa niliyonunua bila sababu. Nimewapa barua leo asubuhi, wamesaini kupokea, mwisho Ijumaa. Baada ya hapo naenda Tume ya Ushindani na karatasi zangu zote. Gari limepaki. Naenda kazini kwa daladala.

Mwenye kujua zilipo 245/45R18 mpya mbili, Dodoma, Morogoro au Dar, aweke hapa chini na bei. Nitumie picha ya ubavu, siyo maneno.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Meneja amepiga. Anasema atarudisha laki 4 "kwa ubinadamu" nikifuta uzi huu. Nimemjibu uzi haufutwi, na ni milioni 1 na elfu 80.